Injini ya Kuazima na Ulimi wa Fundi

Yeyote aliyewahi kupita Grogan au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi atakuwa ameliona, walau mara moja, gari kuukuu aina ya Land Rover likiwa wazi kifuani, boneti imeondolewa, na pahali pa injini pamebaki shimo lenye madoa ya oili. Kando yake, juu ya matairi mawili yaliyolazwa chini, injini ya Kijapani inasubiri kupandishwa. Mpita njia huona uchafu na kelele. Msomi wa Kiswahili, laiti angesimama kidogo na kutega sikio, angekuta mambo mawili yanayoihusu taaluma yake moja kwa moja: mjadala mkali kuhusu uhalisi, na msamiati mpana ambao sehemu yake kubwa haijapata kuandikwa.

Tuanze na uhalisi. Wako wapenzi wa magari haya wanaoshikilia kwamba Land Rover ya Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985, ikinyang'anywa injini yake ya sentimita za ujazo 2,286 na kutiwa ya Toyota, Isuzu au Nissan, basi si Land Rover tena. Kwao injini ni roho, na roho haiazimwi. Hoja hii inavutia sikio, ila historia haiiungi mkono. Gari la majaribio lililotangulia Land Rover zote, ambalo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover waliliunda mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Kimarekani na kutiwa injini ya gari dogo la Rover. Mwaka uliofuata ndipo Land Rover yenyewe ilipozinduliwa rasmi katika maonyesho ya Amsterdam. Isitoshe, injini ya V8 ambayo kiwanda kiliitia katika Land Rover mwaka 1979 ilitokana na usanifu ambao Rover iliununua Marekani kutoka kwa waundaji wa Buick. Anayetafuta Land Rover isiyo na damu ya kigeni basi anatafuta kitu ambacho hakikuwapo hata siku ya kwanza. (Msomaji aliyezoea malumbano kuhusu Kiswahili safi na Kiswahili cha mkopo atakuwa ameshaanza kutabasamu.)

Fundi na mteja wake, hata hivyo, hawabadilishi injini ili washinde mjadala. Gari linalobeba wagonjwa na magunia kati ya Maralal na Baragoi haliwezi kungoja kipuri kiagizwe Uingereza. Injini ya Toyota 3L, kwa upande mwingine, ndiyo iliyoendesha matatu nyingi za abiria kumi na wanne, na vipuri vyake si haba hata katika miji midogo. Vivyo hivyo TD27 ya Nissan, ambayo ilienea katika matatu kiasi kwamba Wakenya waliyaita magari yote ya aina hiyo "nissan", hata yalipokuwa Toyota. Hapo sababu ya kubadilisha injini haihitaji nadharia yoyote.

Kazi yenyewe ndiyo ngumu, na ugumu wake unastahili kuelezwa kwa kina, maana wengi hudhani ni suala la kutoa kimoja na kuweka kingine. Injini ya Kijapani haina matundu ya bolti yanayolingana na giaboksi ya Land Rover. Fundi hukata bamba nene la chuma, upande mmoja akalitoboa kwa vipimo vya injini na upande wa pili kwa vipimo vya giaboksi. Ncha ya shafti ya giaboksi sharti iingie katikati kabisa ya flaiwili, katika beringi ndogo inayoishikilia. Ikienda upande kwa unywele tu, beringi hulika, klachi hutetemeka, na oili huanza kuvuja. Wengine hukwepa taabu hiyo kwa kuchukua injini pamoja na giaboksi yake, lakini hapo huzuka taabu nyingine: difu za Land Rover hizi zimekaa upande wa kulia, mbele na nyuma, na giaboksi inayotoa nguvu mahali pengine itaipindisha propela.

Kisha kuna breki, na hapa ndipo maisha ya watu yanapoingia. Injini ya petroli huvuta hewa kwa namna inayoacha ombwe, na ombwe hilo ndilo linalousaidia mguu wa dereva kukandamiza breki pale gari lilipofungwa kifaa cha msaada huo. Injini ya dizeli haina ombwe la aina hiyo. Ndiyo maana injini nyingi za dizeli za Kijapani huwa na pampu ndogo ya ombwe iliyounganishwa na jenereta yake. Mwanagenzi asiyejua sababu ya pampu hiyo huweza kufunga jenereta ya kawaida isiyo nayo. Betri itajaa, taa zitawaka, na gari litatoka gereji likiwa na nguvu zaidi ya awali na breki nzito kuliko awali. Ongeza kwamba magurudumu yote manne yana breki za ngoma, na kwamba hafshafti za nyuma za magari haya zina sifa mbaya ya kukatika zikizidiwa nguvu.

Je, mwanagenzi huyo atayajua wapi haya? Vitabu vya mwongozo vya Land Rover na vya Toyota vimeandikwa kwa Kiingereza, na wala havizungumzii ndoa ya magari haya mawili. Elimu yote imo kinywani mwa fundi mzee, na lugha ya kinywa hicho, jijini Nairobi, aghalabu ni Kiswahili. Fundi huyo akifariki, kipimo cha lile bamba huondoka naye.

Wapo wahadhiri watakaosema kwamba lugha ya gereji si Kiswahili bali ni Kiingereza kilichovunjwavunjwa: klachi, giaboksi, sampu, stata, rejeta. Ni kweli kuhusu nomino. Lakini msikilize fundi anapofika kwenye kitenzi. Injini hupandishwa na kushushwa, na anaposema "imeshushwa" mwenzake huelewa mara moja kwamba kuna kazi ya kuifungua. Gari huchemsha. Injini hula oili, hukohoa, huzima. Klachi huteleza. Bolti hukazwa na kulegezwa, chuma huchomwa. Hakuna hata kimoja hapo kilichokopwa Uingereza. Lugha imepokea nomino za kigeni ikazifunga kwenye chesisi yake yenyewe, na uzito wote wa maelezo unabebwa na vitenzi vya Kibantu. Hata baadhi ya nomino hazikutoka mbali: neno usukani lilikuwa la mabaharia wa pwani kabla halijawa la madereva.

Hapa ndipo makala haya yanapotofautiana na mazoea ya wakuza istilahi. Kwa miaka mingi juhudi kubwa imetumika kuunda nomino na kuzibishania: tarakilishi au kompyuta, mdahalishi au intaneti. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo ilistahili heshima. Lakini orodha ya nomino, hata iwe sanifu namna gani, haimwambii mtu jinsi ya kuiweka shafti katikati ya flaiwili. Kinachohitajika ni sentensi, na sentensi hizo tayari zipo, zikisemwa kila asubuhi na watu wasioalikwa katika kongamano lolote.

Pingamizi moja lina uzito. Fundi wa Nairobi huchanganya Kiswahili na Sheng, na pengine Kikuyu au Dholuo, na maneno ya gereji moja huenda yasieleweke na fundi wa Mombasa, sembuse wa Arusha. Hilo haliepukiki, na yeyote atakayekusanya maneno hayo atalazimika kuyalinganisha mji kwa mji, kama walivyofanya waliokusanya lahaja. Ni kazi ya vumbi. Haina mvuto wa tasnifu ya tano au ya kumi kuhusu riwaya ile ile.

Idara zetu huwadai wanafunzi wa uzamili utafiti wa nyanjani. Mada ya "Vitenzi vya Kubadilisha Injini katika Gereji za Grogan" ingekamilika kwa kinasa sauti, ovaroli ya kuazima na ruhusa ya fundi. Mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu pampu ya ombwe, uliotokana na utafiti huo na kubandikwa ukutani mwa gereji, ungesomwa na watu wengi kuliko tasnifu yenyewe.