Walioingia Walikuwa Wangapi?

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Saa nne usiku, watoto wakishalala, huwasha simu, hujiunga bando la usiku na kufungua somo la chuo. Alianza shahada akiwa na miaka 38. Ada ya mwaka wa kwanza aliitoa kwenye kikoba, ya mwaka wa pili kwenye mkopo unaokatwa hadi leo kwenye mshahara. Sasa yuko mwaka wa saba. Amebakiza utafiti, na msimamizi wake hajibu barua pepe. Juzi nilimuuliza: hivi mlioanza pamoja, wamemaliza wangapi? Akacheka. "Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu mia na kumi. Siku hizi tunaoandika humo ni mimi na mwenzangu mmoja wa Singida, tunapeana pole."

Kundi la WhatsApp. Hiyo ndiyo takwimu pekee aliyonayo kuhusu chuo kilichokula akiba yake. Chuo chenyewe hakijawahi kumpa nyingine, na ukweli ni kwamba hata yeye hakuwahi kuiomba.

Ndugu zangu, vyuo tunavipima kwa mahafali. Majoho yanapepea, vigelegele vinapigwa, kesho yake gazeti linaandika idadi ya wahitimu. Wanastahili shangwe zile. Ila mahafali huhesabu wanaotoka tu. Wahitimu 400 ni sifa kubwa kwa chuo kilichoanza na wanafunzi 500. Kama walianza 4,000, hapo kuna msiba ambao hakuna aliyeutangaza. Anayesoma bwenini humwona mwenzake akifunga begi kurudi kwao. Anayesoma kwa mtandao haoni kitu. Jina linanyamaza, basi.

Sisemi haya kwa kubeza elimu masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wafanyakazi wengi wasioweza kuacha kazi wala familia wamepata shahada kwa njia hiyo. Kenya nayo ilipata Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, makao yakiwa Konza. Vyuo vingine vinafungua kozi za mtandaoni, na matangazo yake tunayaona kwenye simu kila siku: soma popote, soma ukiwa kazini. Kadiri mlango unavyopanuka, ndivyo aliye nje anavyostahili kujua hali ya waliotangulia kuingia.

Waliotutangulia kwenye biashara hii wameshaumia. Marekani, kampuni ya vyuo iliyoitwa Corinthian ilianguka mwaka 2015, baada ya serikali kubaini kwamba takwimu za ajira za wahitimu wake zilikuwa zimepikwa. Mwaka 2022 serikali ile ilitangaza kufuta madeni ya wanafunzi wake wapatao 560,000, jumla ya dola bilioni 5.8. Somo la pili kutoka huko halipigiwi kelele sana, nami naliona kubwa zaidi. Sheria yao ya mwaka 1990 ilivitaka vyuo vitangaze asilimia ya wanaohitimu, lakini hesabu iliwachukua wale tu wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote. Mama aliyerudi darasani akiwa na kazi na watoto hakuhesabiwa kabisa, si kama aliyemaliza wala kama aliyeacha. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla hesabu za serikali hazijaanza kumtazama.

Kwa hiyo tukidai takwimu, tudai zinazomhusu mtu mzima. Asilimia ya "wahitimu wenye ajira" haina maana kwa mwalimu au muuguzi aliyeingia chuoni akiwa tayari na ajira. Yeye anataka kujua kama wenzake walipandishwa daraja, kama mwajiri aliitambua shahada, na ilimchukua mtu miaka mingapi kufika. Tena mtu mzima husimama njiani: anajifungua, anauguza mzazi, anahamishwa kituo cha kazi. Chuo kisihukumiwe kwa miaka mitatu. Kihesabu baada ya miaka sita, halafu baada ya minane, na kitenge waliomaliza, wanaoendelea na walioacha. Chuo kinachowafungulia mlango watu wa kila aina huenda kikawa na asilimia ndogo, na hiyo si aibu. Aibu ni kuificha.

Pa kuziweka namba hizo papo. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, na kila programu imeandikiwa sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Tunaomba safu mbili zaidi: walioanza, na waliomaliza. Nasikia tayari jibu kwamba taarifa za wanafunzi ni siri. Majina ndiyo siri. Sisi tunaomba idadi.

Wala tusikae kungoja safu hizo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mamlaka ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Mtu mmoja akiandika, barua yake italala kwenye faili. Wakiandika walimu wa kata nzima, wauguzi wa hospitali moja, wanachama wa kikoba wanaokopeshana ada, ofisi ya udahili italazimika kutafuta jibu. Uliyehitimu, mwambie anayekuuliza ukweli wa miaka uliyotumia. Uliyeacha, usione haya, sema uliishia wapi na kwa nini, maana wewe ndiye usiyeonekana kwenye picha za mahafali. Na mwenye mbunge anayepokea simu, ampigie.

Barua yenyewe ni fupi: "Naomba kujua, katika programu hii, walioanza miaka minane iliyopita walikuwa wangapi, na hadi leo wamemaliza wangapi?" Weka jina, anwani na tarehe, ubaki na nakala. Iandike kabla hujalipa ada.