Mfalme aingie ngomeni lini?

JUMAMOSI iliyopita nilipanda matatu kurudi nyumbani na binti yangu wa miaka 11, na tangu katikati ya jiji hadi mtaani kwetu hakunena neno. Alikuwa ametoka kwenye mashindano ya chesi ya watoto wa shule. Alicheza raundi nne, akashinda mbili na kushindwa mbili, nami nikaona si haba kwa mtoto aliyeanza kujifunza muhula uliopita. Lakini kilichomkera ni kwamba katika zile mbili alizoshindwa mfalme wake alinaswa mapema kabisa, na mara ya pili alikuwa akifuata ushauri wa mamake. Yaani mimi.

Mpenzi msomaji, kama hukuwahi kuucheza mchezo huu, nieleze kidogo. Mfalme huanza mchezo akiwa katikati ya safu ya nyuma, mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa vita huanzia katikati. Sheria inampa nafasi moja tu ya kutoroka. Miraba iliyo kati yake na ngome ikiwa mitupu, yeye husogea miraba miwili kuelekea ngome hiyo, nayo ngome huruka juu yake ikatua upande wake wa pili. Ndiyo hatua pekee ambapo kete mbili zako husogea kwa pamoja. Watoto wa shule huiita kasilingi. Mimi nitaiita kuingia ngomeni. Sharti mfalme na ngome hiyo wawe hawajasogezwa hata mara moja, mfalme asiwe amepigwa cheki wakati huo, na asipite wala kutua kwenye mraba unaolindwa na adui. Faida yake ni mbili: mfalme hujificha pembeni nyuma ya askari watatu, na ngome iliyokuwa imelala kwenye kona huamka.

Basi, katika raundi ya pili binti yangu alikuwa tayari kuingia ngomeni kufikia hatua ya sita. Hakuingia. Aliona askari wa adui pembeni asiye na mlinzi, akamtuma malkia akamla. Kisha akaona mwingine. Mvulana aliyekuwa akicheza naye, mwenye miwani, hakuonekana kujali. Alisukuma askari wake wa katikati, wakalana, njia ikafunguka, na ngome yake ikaja ikasimama moja kwa moja mbele ya mfalme wa binti yangu. Cheki! Mfalme akasogea mraba mmoja kukwepa, na hapo haki ya kuingia ngomeni ikapotea kwa mchezo mzima. Yaliyofuata sitayasimulia.

Wakati wa chakula cha mchana, tukila chapati kwa maharagwe nje ya ukumbi, nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua: "Mwanangu, ingia ngomeni haraka. Usingoje chochote." Nilikuwa nimesoma hivyo katika kitabu cha wanaoanza.

Akatii. Raundi ya tatu, hatua ya saba, alimpeleka mfalme upande wa karibu kama nilivyomwagiza. Taabu ni kwamba msichana aliyekabiliana naye alikuwa amekwisha kusukuma askari wa pembeni upande ule ule, ngome ikiwa nyuma yake, na malkia na askofu wake walikuwa wakiikodolea macho kona hiyo hiyo. Binti yangu alimtoa mfalme mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama, akampeleka mahali alipokuwa akisubiriwa. "Mama, si ulisema haraka?" aliniuliza tulipokaribia kushuka. Sikuwa na jibu.

Jioni tulimwendea jirani yetu, mzee mmoja mstaafu aliyehamia Nairobi kutoka Mombasa, ambaye ana ubao wa mbao uliochakaa na hupenda sana mgeni wa kucheza naye. Yeye hasemi chesi; husema sataranji, neno ambalo Kiswahili kilipokea kutoka kwa Waarabu na Waajemi, nao mchezo wenyewe waliupata Bara Hindi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepigwa?"

Alipokwisha kusikiliza, alituambia kwamba katika sataranji ya kale mfalme hakuwa na ngome ya kukimbilia. Alitembea kwa miguu, mraba mmoja mmoja, na haikuwa hatari kubwa kwa kuwa malkia na askofu wa enzi hizo walikuwa dhaifu. Ni huko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15, walipopewa nguvu za kupiga kutoka mbali, ndipo mfalme alipohitaji kuhama upesi. "Kwa hivyo ukitaka kujua kama ni wakati wa kuhama," mzee akasema, "tazama kama njia za mbali zimefunguka."

Kisha akapanga kete na kutuonyesha mchezo ambao, nadhani, kila mtoto anayejifunza angeonyeshwa mapema. Ulichezwa Paris mwaka wa 1858, ndani ya jumba la opera. Paul Morphy, kijana wa miaka 21 kutoka New Orleans, Marekani, alikuwa akicheza peke yake dhidi ya mabwana wawili walioshauriana, Mtawala wa Brunswick na Kaunti Isouard. Kwenye hatua ya 10 Morphy alimtoa farasi mhanga akapata askari wawili tu. Wengi wetu tungeona ni hasara. Lakini njia za katikati zilikuwa wazi, na mfalme wa wale mabwana alikuwa bado amekaa pale pale alipozaliwa.

Hatua ya 12 Morphy akaingia ngomeni, upande wa malkia, ule wa mbali. Hapo mzee alituliza kidole juu ya ubao. Alitaka tuone kwamba kijana yule hakuwa akijificha tu. Kwa hatua hiyo moja ngome yake ilitua kwenye njia iliyo wazi, ikimtazama farasi aliyekuwa akimkinga mfalme wa adui. Hatua iliyofuata ngome ikamla farasi huyo, ikaliwa, na ngome ya pili ikashika nafasi yake. Hatua ya 16 Morphy akamtoa malkia wake mhanga, na ya 17 mfalme akanaswa.

Binti yangu aliukodolea macho ubao kwa muda mrefu. "Babu, askofu wao na ngome ya upande huu hawajasogea hata mara moja."

"Naam. Na malkia wao amekaa mbele ya askofu, akamzibia mlango. Sasa mfalme angepita wapi?"

Tukarudi kwenye raundi ya tatu, ile niliyoiharibu mimi. Mzee alipanga askari wa katikati kama binti alivyowakumbuka: wanne wamekabana vichwa, hakuna anayeweza kupita. "Hapa ulikuwa na haraka ya nini?" akauliza. "Mlango wa mbele umefungwa kwa komeo. Kabla ya kuhama, ungeangalia kwanza majirani wa huko unakokwenda." Alimwonyesha kwamba angeweza kutoa kete mbili zaidi, kisha ahamie upande wa pili ambako adui hakuwa na chochote.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilimpa mtoto saa isiyo na mishale. Haraka ya kuingia ngomeni hupimwa kwa askari wa katikati, si kwa idadi ya hatua. Wakikaribia kulana, usingoje hata kama kuna askari wa bure wa kuliwa pembeni. Wakiwa wamekabana, una nafasi ya kutazama kete za adui zinaelekea wapi.

Hata hivyo mimi na mzee tulitofautiana kidogo. Yeye anapenda kukawia, amfiche adui nia yake, na kwa mtu aliyecheza tangu ujana ni sawa. Kwa mtoto wa miaka 11 bado nasema ni heri akosee kwa kuwahi kuliko kwa kuchelewa, ilimradi atupe jicho kwanza. Aghalabu upande wa karibu, kabla ya hatua ya 10 hivi, utamfaa, mradi wale askari watatu wa mbele ya mfalme asiwasukume ovyo. Mzee aliguna, hakunikubalia.

"Na ngome yangu ikiwa inatishwa?" binti akauliza. "Naweza kuingia?"

Unaweza. Katazo ni la mfalme, si la ngome. Wala asione haya kuuliza: mwaka wa 1974 mjini Moscow, katika mechi yake na Anatoly Karpov, Viktor Korchnoi, mmoja wa wachezaji wakubwa wa dunia, alimwuliza refa swali hilo hilo katikati ya mchezo. Akaruhusiwa, na mchezo huo akaushinda. Kinachowaponza watoto mashindanoni ni mkono. Ukigusa ngome kwanza, refa anaweza kukulazimisha usogeze ngome peke yake. Mfalme ndiye huguswa kwanza, na ni mkono mmoja tu unaotumika.

Walicheza mchezo mmoja kabla hatujaaga. Kwenye hatua ya nane miraba yote ilikuwa mitupu na nilimwona akinyosha mkono. Akatazama katikati. Akatazama askari wa mzee aliyekuwa akipanda pembeni. Akaurudisha mkono mapajani, akatoa farasi. Hatua mbili baadaye mzee alisukuma askari wa katikati, na kabla sijafungua kinywa binti alikuwa amekwisha kumshika mfalme, akampeleka upande wa mbali.