Kengele Iwakayo

Muungwana aliyeandika kwamba kumwachia mwenye ulemavu akae kwake pamoja na mitambo ni kumtupa, huruma yake naikubali, dawa yake siikubali. Kwani hapa Washington, jirani na Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi, kiziwi hahitaji kuitiwa mgeni, kwa kuwa kengele ya mlango ikibonyezwa taa ya sebuleni huwaka na kuzimika, naye akenda kufungua, au asifungue, kwa hiari yake. Huyo katupwa na nani? Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Olmstead la mwaka 1999, iliamua kwamba kumtenga mtu katika taasisi pasipo udhuru, hali aweza kuishi miongoni mwa watu na mwenyewe hakatai, ni ubaguzi. Ridhaa hiyo, ambayo mwandishi wetu hakuitaja kabisa, ndiyo tunayogombea naye.