Faida ya Vyombo Visivyofaa

Mwaka 2011 Katerina Kamprani, msanifu wa mjini Athens, Ugiriki, alianza kubuni vyombo vya nyumbani ambavyo kwa makusudi havifai kutumiwa. Miongoni mwavyo kuna kopo la kumwagilia maua ambalo mdomo wake umepindwa kulirudia kopo lenyewe; uma wenye mpini wa mnyororo; mabuti ya mvua yaliyo wazi vidoleni; mwavuli wa zege; na sufuria ambayo vishikio vyake viwili vimewekwa upande mmoja.

Wako watakaosema kuwa huu ni mzaha wa watu walioshiba, na kwamba nchi yenye upungufu wa zana haina wasaa wa kuuchekea. Hoja hiyo ina uzito, lakini siiafiki. Kazi hii ina sura ya jaribio la kisayansi. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akaugua kisukari. Kwa kukiondoa kiungo kimoja, kazi yake ikafichuka. Kamprani naye huacha kila kitu mahali pake, akabadili jambo moja tu.

Tuitazame ile sufuria. Tuseme ina lita 6 za maji, yaani kilo 6. Vishikio vikikabiliana, kitovu cha uzito huwa katikati ya mikono miwili, na sufuria hutulia. Vikihamishiwa upande mmoja, uzito hauongezeki hata gramu moja. Lakini sasa huning'inia mbele ya mikono, ukiipindua sufuria kuelekea chini, na viganja hulazimika kushindana nao. Uma nao hutufundisha jambo jingine: mnyororo hustahimili kuvutwa, haustahimili kusukumwa wala kupindwa. Ndipo tunapotambua kwamba ugumu wa mpini, tusioutazama kamwe, ndio unaoufanya uma kuwa uma.

Chombo kizuri husahaulika kwa sababu hakimsumbui mtu. Ni nani huisifu mbuzi ya kukunia nazi? Hata hivyo mkunaji huikalia, uzito wa mwili wake ukaithibiti chini, na mikono yote miwili ikabaki huru kwa nazi. Aliyeibuni kwanza hakuandika hesabu yoyote, lakini kanuni za mekanika alizitii barabara.

Hapa ndipo penye jambo zito. Mtazamaji wa vyombo vya Kamprani hucheka kwa kuwa anajua kasoro imewekwa kusudi. Mkulima aliyepewa jembe lenye mpini mfupi kuliko kimo chake hana cha kuchekea. Jioni mgongo humuuma. Tena, akiiacha zana hiyo pembeni, aghalabu huambiwa kwamba ni mzito wa kupokea mambo mapya. Lawama hiyo si ya haki. Kasoro imo katika zana, na chanzo chake ni mbunifu ambaye hakuuchunguza mwili wa mtumiaji wala kazi yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, katika vyuo vyetu vya ufundi, mwanafunzi asiruhusiwe kubuni chombo kipya kabla hajakiharibu cha zamani: abadili sehemu moja tu, kisha aeleze kwa tarakimu ni nini kilichopotea. Zoezi hili halihitaji maabara ya gharama. Sufuria kuukuu na mizani vyatosha. Pili, zana yoyote isiidhinishwe mpaka wale watakaoitumia wameifanyia kazi siku nzima, na mbunifu akiwa miongoni mwao, akiishika kwa mikono yake mwenyewe.

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamprani amewaweka kunguni hao juu ya shuka, mahali ambapo kila mtu anawaona. Wabunifu wetu hawana budi kuwatafuta wale waliojificha katika zana ambazo tayari tumewagawia watu.