Wakanda ya Pili: Matanga au Vita?

Vijana wa barazani kwetu wana mashtaka yao juu ya sinema ya pili ya Wakanda, na hawachoki kuyarudia. "Ami," huniambia, "walituibia mfalme." Mwengine hudakia kwamba si mfalme tu, waliibiwa na muda pia, maana sinema yenyewe ni ya saa mbili na dakika arubaini na moja, na nusu yake ni kilio. Sinema hiyo, Black Panther: Wakanda Forever, ilitoka Novemba 2022, na kwa hisabu ya vijana imekwisha kuwa ya zamani. Lakini mwelekezi wake, Ryan Coogler, amekwisha kutamka hadharani kwamba ya tatu i njiani, na basi ubishi umefufuka upya. Naona si vibaya nami nikitia neno langu.

Sisemi kama mtu aliyesimama kando. Mimi ni shabiki wa mashujaa hawa wa kupaa hewani tangu utotoni, tangu Superman alipokuwa Christopher Reeve na sisi watoto wa chuoni tukifunga vilemba vyetu shingoni tukaruka kutoka ukutani. Mvi zimeota na tamaa haikwisha. Kwa hivyo najua shabiki hungojea nini aingiapo kutazama sinema ya pili. Hungojea aipate ile ya kwanza tena, ila iwe mpya. Jambo hilo haliwezekani, naye akilikosa hukasirika.

Na ile ya kwanza, ya mwaka 2018, ilikuwa ngumu kuifuata. Wakanda ni nchi iliyobuniwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, katika vitabu vya katuni mwaka 1966. Watu wetu hata hivyo waliipokea kana kwamba ni wilaya ya jirani. Huku Kenya tulikuwa na Lupita Nyong'o wetu ndani yake, akicheza Nakia. Waganda nao walikuwa na Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, yule mwanajeshi Ayo mwenye macho yasiyopepesa. Sinema ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 ulimwenguni kote na ikapata tuzo tatu za Oscar. Watu walikwenda kutazama wamevaa kanzu, vitenge na mashuka, kama waendao arusini. Mgema alisifiwa, msomaji, akasifiwa hata masikio yakamwasha, na kila mtu akakaa kungojea kama atalitia tembo maji.

Kisha tarehe 28 Agosti 2020 Chadwick Boseman, yule mchezaji wa Mfalme T'Challa, akafariki akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana tangu mwaka 2016, na aliificha. Ile sinema ya kwanza ya Wakanda, alipocheza kama mfalme mwenye nguvu za chui, aliicheza akiwa mgonjwa. Coogler alikuwa amekwisha kuandika mchezo wa pili, wenye kisa cha T'Challa na mwanawe, na marehemu hakuwahi hata kuusoma kwa vile hali yake ilikuwa imemzidi. Mwelekezi amesema kuwa alikaribia kuiacha kazi ya sinema moja kwa moja.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na mgawanyiko huo haujapona. Kundi moja lilitia sahihi kwa maelfu likitaka mchezaji mwengine apewe nafasi ya T'Challa. Hoja yao si ya kupuuzwa. Batman kati ya mwaka 1989 na 2005 alichezwa na Michael Keaton, kisha Val Kilmer, kisha George Clooney, kisha Christian Bale, na hakuna aliyeuliza Batman yuko wapi. James Bond hubadilishwa kama shati. Kwa nini basi, waliuliza, mfalme wa kizungu ahuishwe kila anapochoka mchezaji wake, na huyu mweusi, wa kwanza kuwajaza watoto wetu fahari namna ile, azikwe pamoja na mchezaji? Nilipolisikia swali hilo nilikaa kimya, maana lina uchungu wa kweli ndani yake. Kundi la pili likajibu kwamba kumvalisha mtu mwengine nguo za maiti kabla kaburi halijakauka ni ukosefu wa adabu.

Waliotengeneza sinema walilifuata kundi la pili. T'Challa alikufa na mchezaji wake.

Mimi nilipoyasikia mabishano haya nilimkumbuka Fumo Liyongo. Msomaji wa Pwani anakijua kisa hiki toka kwa bibi yake, lakini wa bara huenda hakijui. Liyongo alikuwa jabari lisilouawa ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni, na mwanawe wa kumzaa, aliyeghuriwa na mtawala wa Pate, ndiye aliyemdunga usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde wake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, akautia mshale, akafa vivyo hivyo, upinde umevutwa. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji. Siku zikapita na kiu ikawashika, na kila aliyechungulia alimwona shujaa yuko pale pale, tayari kufuma. Wakamwendea mamake wakamsihi aende akambembeleze mwanawe. Hata alipoanguka ndipo walipojua kwamba muda wote ule walikuwa wakimwogopa maiti.

Coogler na wenzake walikuwa kwenye kisima hicho hasa. Mfalme amekufa lakini amepiga goti mbele ya kisima, na kila mwenye kiu ya mchezo mpya lazima apite mbele yake. Wangeweza kumsukuma kando na kumweka mwengine ashike upinde ule ule. Walifanya lililo zito zaidi: walimwita mama.

Na mama huyo ni Bi. Angela Bassett, Malkia Ramonda. Sinema inaanza na Shuri, dada wa mfalme, akihangaika katika maabara yake kutafuta dawa ya kumwokoa nduguye, na mara mama anaingia kumwambia kwamba nduguye ameshakwenda kwa mababu. Maradhi hayatajwi jina. Kisha yaja mazishi, watu wote wamevaa nyeupe, wanaimba na kucheza barabarani nyuma ya jeneza, na baada ya hapo ile alama ya kampuni ya Marvel, ambayo siku zote huja na vishindo vya muziki, inapita kimya kabisa ikionyesha picha za Boseman peke yake. Nimeingia sinema kwa zaidi ya miaka arubaini na sijapata kusikia ukumbi ukanyamaza namna ile. Hata wauza bisi nadhani walinyamaza.

Mwaka mmoja baadaye Ramonda anamchukua bintiye mtoni ili wachome nguo za msiba, ndiyo alama ya kutoka katika maombolezo. Sisi hatuchomi nguo. Sisi mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na jamaa wengine hupewa siku tatu, na hekima ya kuweka mpaka ni kwamba huzuni isiyo na mpaka humla mwenye nayo. Lakini maana ya ule moto wa mtoni niliielewa papo hapo bila ya kuelezwa. Na nilielewa pia kwa nini Shuri anakataa kuzichoma. Msichana huyu ni mtu wa sayansi, haamini mababu, na anajua moyoni kwamba elimu yake yote haikumfaa ndugu yake. Letitia Wright anaicheza hasira hiyo kwa sauti ya chini, na waliolalamika kwamba yeye hana haiba ya mfalme nadhani hawakumtazama vizuri. Haiba ya mfalme haikutakiwa pale. Alitakiwa mtu aliyefiwa.

Kwa hiyo vijana wa barazani wanaposema nusu ya sinema ni kilio, mimi nawajibu kuwa nusu hiyo ndiyo nzuri. Bi. Bassett aliteuliwa kugombea Oscar kwa kazi hii, jambo ambalo halikuwa limempata mchezaji yeyote katika sinema za Marvel kabla yake. Hakupewa, na hilo mimi bado sijalisamehe. Aliyepewa ni Bi. Ruth E. Carter kwa mavazi, kama alivyopewa kwa ile ya kwanza, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa na Oscar mbili.

Taabu inaanza pale matanga yanapokatizwa na vita. Na hapa mashtaka yangu si yale ya barazani.

Adui wa safari hii ni Namor, mfalme wa Talokan, mji ulio chini ya bahari. Ameletwa kutoka vitabu vya katuni vya mwaka 1939, lakini Coogler amembadilisha asili, akamfanya mtu wa kizazi cha Wamaya wa Meksiko. Wazee wake walikimbilia baharini karne ya kumi na sita, Wahispania walipoingia na ndui na utumwa, wakala mmea uliowawezesha kupumua majini. Tenoch Huerta anamcheza vizuri sana. Kisa chake kilinigusa kuliko nilivyotazamia, na sababu ni kwamba mimi ni mtu wa Pwani. Bahari kwetu ni chakula na ni njia ya biashara, lakini ndiyo pia iliyomleta Vasco da Gama mwaka 1498, na ndiyo iliyomleta Francisco de Almeida mwaka 1505 akaichoma Mombasa. Mtu anayesema kuwa mababu zake walikimbia merikebu zenye misalaba matangani hahitaji kunieleza mara mbili.

Sasa tazama mpango wa kisa, msomaji. Mwanzoni tunaonyeshwa askari wa Kifaransa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili waibe madini ya vibraniamu, wanakamatwa, na Malkia Ramonda anawaburura mbele ya mataifa huko Geneva. Kipande hicho kiliwauma wenyewe hasa, kwani mwaka 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilalamika hadharani juu yake. Wamarekani nao wanatafuta madini hayo hayo baharini. Basi maadui wanajulikana. Lakini mchezo ukishasonga mbele, Ufaransa inatoweka, Marekani inabaki na majasusi wake wawili wa kuchekesha kidogo, na wanaobaki kuuana ni Waafrika na Wamaya. Mataifa mawili yaliyoporwa na mtu yule yule yanakatana koo, na mporaji amekaa nyumbani kwake hata kikombe chake cha kahawa hakijapoa.

Mtu atanijibu kwamba hiyo ndiyo dunia ilivyo. Ni kweli, na sinema ingeweza kusema hivyo kwa kinywa kipana ikawa sinema kubwa. Haikusema. Iliyafanya mapigano yawe mapigano, merikebu katikati ya bahari, watu wanarushwa huku na huku, na mwisho Shuri na Namor wanapigana jangwani hadi Shuri anamweka chini ya mkuki na kumsamehe. Msamaha ni mzuri. Lakini swali la mali ya mnyonge na tamaa ya mwenye nguvu liliulizwa Geneva, na hadi taa zinawashwa hakuna aliyelijibu. Shabiki aliyetoka amekasirika kwa sababu hakumwona T'Challa alipaswa, kwa maoni yangu, kukasirikia hili.

Kuna na habari ya yule msichana Mmarekani, Riri Williams, mwanafunzi mwerevu aliyeunda chombo cha kuyatafuta madini. Simchukii, lakini kila alipotokea nilihisi kama nimeingia dukani kununua sukari na mwenye duka ananishika mkono kunionyesha sabuni. Mwaka 2025 akatolewa katika mfululizo wake mwenyewe wa televisheni, na hapo nikaelewa alikuwa akitafuta nini kwenye matanga ya watu. Malkia Ramonda anakufa maji akimwokoa huyu. Nasikitika kusema hivyo, lakini bei ilikuwa ghali.

Tena nina dukuduku la lugha, nitalisema kwa ufupi maana wasomaji wangu wamelichoka. Wakanda iko Afrika Mashariki lakini husema Kixhosa. Sababu yake inajulikana, na ni ya heshima: mzee John Kani wa Afrika Kusini alipocheza babake T'Challa mwaka 2016 alikuja na lugha yake, ikakaa. Kixhosa ni lugha tamu. Lakini kabila la milimani la M'Baku linaitwa Jabari, na hilo ni neno letu, tena ni neno tulilofunzwa chuoni kulitamka kwa hofu, kwani Al-Jabbar ni katika majina ya Mwenyezi Mungu. Waliolichukua jina wangerudi wachukue na lugha iliyolihifadhi.

Sinema ya pili iliingiza takriban dola milioni 850, kama theluthi moja pungufu ya ile ya kwanza. Wapo wanaozitumia tarakimu hizo kuthibitisha kwamba mfalme angebadilishwa tu. Mimi naona wanapima kaburi kwa mizani ya soko.

Mwisho wa mchezo Shuri yuko Haiti, kwa Nakia wetu, ameketi ufukweni, na hatimaye anazichoma zile nguo. Kisha analetewa mtoto wa kiume. Ni mwana wa marehemu, amelelewa mbali na kiti cha enzi, na jina lake ni Toussaint, lile la shujaa wa watumwa wa Haiti. Jina lake la Wakanda ni T'Challa. Wale waliolia kwamba waliibiwa mfalme walipewa huyo, na wengine walitoka ukumbini kabla hajatokea, kwa haraka ya kuwahi matatu.

Na huko nyumbani Wakanda, siku ya kugombea kiti, anayeshuka kwenye chombo si Shuri. Ni M'Baku, yule Jabari wa milimani mwenye kucheka na kula, anayetaka kuwa mfalme. Hatukuonyeshwa kama alipingwa na mtu. Mimi ya tatu naingojea kwa ajili ya huyo.