Usiiamini Stima ya Kambini

Ndugu yangu uliye Marekani na umenunua gari la kulala, lile lenye friji na eyakondishena ndani, hii ni yako. Ukifika kambini unachomeka waya kwenye nguzo ya stima na kuwasha. Kwangu mimi, hiyo ni sawa na programu inayopokea data ya mtu yeyote bila kuikagua.

Wengi hununua kifaa cha kuzuia mruko wa volti, wakadhani wamemaliza kazi. Hapana. Hicho hupunguza tu mruko wa ghafla, kama ule wa radi.

Kuna stima hafifu. Siku ya joto kila gari likiwasha eyakondishena, volti 120 huweza kushuka chini ya 105, na kompresa ikapata moto.

Baya zaidi ni nyutro kukatika. Nguzo ya ampea 50 ina laivu mbili za volti 120, na kati yao kuna 240. Bila nyutro, vyombo vyako hugawana hizo 240 vivi hivi: kimoja kinapungukiwa, kingine kinaungua.

Nunua kifaa kinachopima kwanza, kinachokataa nguzo mbovu, na kinachokata stima chenyewe volti zikienda kombo. Ni kaka mkubwa wa ile frijigadi tunayotumia nyumbani Kenya. Ndiyo, bei yake ni dola mia kadhaa. Lakini eyakondishena mpya ni ghali zaidi, na moto hauna bei.

Ama wewe waonaje?