Elton John na vibao vya jukwaani: Kiporo au chakula kipya?

KAMPUNI za muziki zina mtindo mmoja ambao hauchuji. Msanii mkongwe akishakuwa na hazina ya vibao, hupandishwa jukwaani, huviimba upya mbele ya umati, kisha mashabiki huuziwa albamu ya nyimbo wanazozijua kwa moyo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza: kama nyimbo hizo ninazo nyumbani, nalipia nini tena?

Mfano unaofaa kupimwa ni One Night Only ya mwanamuziki wa Uingereza, Elton John, iliyotolewa Novemba 2000. Ilirekodiwa katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Oktoba 20 na 21 mwaka huo. Jina lake linadai usiku mmoja tu, ilhali maonyesho yalikuwa ya siku mbili. Hapo tu msomaji anaona kwamba hata kinachoitwa muziki wa moja kwa moja hupita mikononi mwa wahariri kabla ya kumfikia.

Sababu za kibiashara haziko mbali. Albamu ya studio huhitaji nyimbo mpya, na nyimbo mpya zinaweza kukataliwa na soko. Vibao vimekwishakubalika, na Novemba ni mwezi wa kujiandaa kwa zawadi za Krismasi. Aidha, kila nakala inayouzwa huwalipa tena watunzi, ambao kwa sehemu kubwa ni Elton mwenyewe na Bernie Taupin, mwandishi wa mashairi aliyeanza kushirikiana naye mwaka 1967.

Wageni waalikwa nao hawakuchaguliwa kwa bahati. Billy Joel na Kiki Dee, aliyeimba naye Don't Go Breaking My Heart mwaka 1976, waliwagusa mashabiki wa zamani. Mary J. Blige, Anastacia na Ronan Keating waliwavuta vijana ambao huenda walimfahamu mkongwe huyo kupitia nyimbo za filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, ile yenye wahusika wenye majina ya Kiswahili kama Simba na Rafiki.

Hata hivyo, kuihukumu albamu hiyo kuwa ni kiporo kilichopashwa moto ni kuionea. Novemba 17, 1970, Elton akiwa na umri wa miaka 23 alipiga muziki katika studio moja ya New York, ukirushwa redioni, akiwa na mpiga besi na mpiga ngoma tu. Rekodi hiyo ilitolewa kama albamu mwaka uliofuata, nayo inamwonyesha kijana mwenye sauti nyepesi anayepanda juu bila shida.

Januari 1987 alifanyiwa upasuaji wa koo nchini Australia, na tangu hapo sauti yake imekuwa nzito zaidi. Katika One Night Only anasikika mtu wa miaka 53 akizikabili nyimbo alizozitunga kwa koo la kijana. Goodbye Yellow Brick Road, ambayo mwaka 1973 ilipaa, humlazimu kutafuta njia nyingine ya kuipitia. Hilo halimo katika santuri za zamani, na ndilo jambo ambalo mnunuzi analilipia.

Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba thamani ilikuwa inahamia jukwaani. Mauzo ya CD yaliporomoka, lakini ziara yake ya kuaga, iliyoanza Septemba 2018 na kumalizika Stockholm Julai 2023, iliingiza zaidi ya dola milioni 900 za Marekani. Onyesho la Dodger Stadium, Los Angeles, la Novemba 20, 2022, lilirushwa moja kwa moja kupitia Disney+ na baadaye likampatia tuzo ya Emmy. Watazamaji walikuwa tayari kumwona mzee akiimba zilipendwa zake, mradi wamwone alivyo.

Hicho ndicho kipimo cha albamu za aina hii. Zinapoficha umri wa mwimbaji kwa ufundi wa mitambo, humuuzia shabiki kitu alichokwishakinunua. Zinapouacha umri huo usikike, humpa kitu ambacho santuri ya kwanza isingeweza kumpa.